Gugu karoti kutoka Kisongo hadi zizini Moshi: kwa nini ratiba iliyofaa kwingine ilishindwa hapa

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa pembezoni mwa Moshi ananunua marobota ya nyasi kutoka upande wa Kisongo, Arusha, kiangazi kikiwa kimekaza na malisho ya karibu yamekwisha. Masika inaposhika, nyuma ya zizi, pale yanapotupwa mabaki ya kihorini pamoja na samadi, inachipua miche yenye majani yaliyochanikachanika kama ya karoti. Bwana shamba akiitwa analitambua mara moja: gugu karoti. Anatoa ushauri aliozoea kuutoa, yaani palilia kila mwezi, usiruhusu lichanue, endelea mpaka mvua ikate. Mfugaji anafuata kila neno. Mvua inapoisha kuna vichwa vyeupe kando ya ukuta, na masika inayofuata gugu limeshavuka uzio na kushika ukingo wa barabara.

Kisa hiki ni cha mfano, hakina mtu mmoja nyuma yake, lakini kila kipande chake kinaweza kutokea kwenye barabara hii ya kilomita 80 hivi inayounganisha miji miwili. Tunakichambua kwa sababu kosa lake si uvivu. Palizi ilifanyika kwa wakati. Kilichokosewa ni kwamba ushauri ulitolewa kwa jina la gugu, wakati kilichoota nyuma ya zizi ni kundi fulani la gugu hilo, lenye sifa zake, lililofika kwa njia fulani na kukuta hali ya hewa tofauti na ya lilikotoka.

Gugu lenyewe

Jina lake la kisayansi ni Parthenium hysterophorus, na ni la familia moja na alizeti. Asili yake ni Amerika: nchi zinazozunguka Ghuba ya Meksiko, pamoja na sehemu za Amerika Kusini. Huko India lilirekodiwa Pune miaka ya 1950, Ethiopia likaonekana miaka ya 1970, na kwetu liliripotiwa Arusha mwaka 2010.

Likiwa changa hulala chini, majani yamejipanga duara na kugusa udongo, mzizi mmoja mnene ukishuka wima. Kisha shina hunyanyuka, hutoa matawi, na likipata maji huweza kupita urefu wa mtu wa wastani. Chukua kichwa kimoja cha ua ukiweke kiganjani. Upana wake ni kama milimita 4, na ukikiangalia kwa juu kina pembe tano. Kila pembe ina petali moja fupi, na chini ya kila petali hukomaa mbegu moja nyeusi ya milimita 2 hivi. Kichwa kimoja, basi, ni mbegu tano zisizozidi. Hapo hesabu inakuwa nyepesi: mmea wenye vichwa 3,000 unaweza kuangusha mbegu 15,000, na mmea wa ukubwa huo si wa ajabu mahali penye samadi. Mbegu zikifukiwa hubaki hai kwa miaka kadhaa, na udongo ukipinduliwa zinaota.

Majani na mashina yana partenini, kemikali chungu inayozuia mimea jirani kuota vizuri, inayowasha ngozi na kuchochea pumu kwa watu wengi, na inayotia maziwa uchungu ng'ombe akilila. Kwa mfugaji wa maziwa hasara inaanzia hapo, kabla hata ya kuhesabu malisho yaliyopotea.

Clermont na Toogoolawah

Anayedhani kwamba gugu ni gugu, popote litokapo, aangalie kilichotokea Australia. Jimbo la Queensland liliingiliwa na gugu karoti mara mbili, kwa nyakati na njia tofauti. Kundi la kwanza lilionekana Toogoolawah mwaka 1955. La pili liliingia karibu na Clermont takriban mwaka 1960, likiwa limechanganyika na mbegu za nyasi za malisho kutoka Texas, Marekani. Spishi moja, jimbo moja, na la Toogoolawah lilitangulia kwa miaka kadhaa. Lakini la Toogoolawah lilibaki maeneo yaleyale, huku la Clermont, baada ya mvua nyingi za miaka ya 1970, likitapakaa kwenye malisho ya Queensland na kuwa janga. Baadaye makundi hayo mawili yalipopandwa pamoja katika mazingira sawa, tofauti zao za ukuaji na ushindani zilionekana wazi, na la Clermont ndilo lililokuwa na nguvu zaidi.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia hapo. Kwanza, kutangulia kufika hakutoshi, sifa ndizo ziliamua. Pili, miaka ya kwanza hakuna mtu angeweza kuyatofautisha kwa kuyatazama tu barabarani, kwa kuwa yote mawili yalikuwa machache na yote yalichanua meupe. Ndiyo maana anayeona vichaka vichache vya gugu karoti Moshi na kujipa moyo kwamba "halisambai sana huku" anajiweka hatarini. Huenda bado halijapata mwaka wake wa mvua. Huenda pia kundi lenye nguvu bado liko njiani, juu ya lori.

Njia ya kusafiri huchagua sifa

Hapa ndipo kiini cha kisa chetu kilipo, na ndipo ushauri wa kawaida hupita bila kusimama.

Mbegu zilizofika zizini hazikuwa sampuli ya haki ya gugu zote za Kisongo. Nyasi hukatwa wakati mmoja. Siku ile zinakatwa, mimea ya gugu karoti iliyochelewa ilikuwa bado imelala chini, chini ya wembe wa mashine au panga, kwa hiyo haikuingia kwenye robota. Iliyokuwa imechanua lakini haijakomaza mbegu iliingia kama majani matupu. Ni ile tu iliyowahi kuchanua, ikakomaza mbegu na bado ikawa imezishika, ndiyo iliyopakia watoto wake kwenye lori. Kama kuwahi kuchanua kunarithiwa walau kwa sehemu, robota limefanya kazi ya chekeche: limeleta Moshi kizazi kinachoelekea kuwahi kuliko wastani wa kule kilikotoka.

Njia nyingine zinachuja vingine. Tipa la moramu au mchanga huchota akiba ya mbegu iliyoko ardhini, kwa hiyo hubeba zaidi zile zinazodumu muda mrefu bila kuota. Mahali lilipomwagwa, gugu litaendelea kuibuka kwa awamu, msimu baada ya msimu. Matope kwenye kwato za ng'ombe waliotoka mnada wa Meserani hubeba mbegu zilizodondoka siku za karibuni kando ya njia, kutoka mimea iliyozoea kukanyagwa. Mbegu za mahindi au maharage zisizosafishwa hubeba mimea iliyokomaa sambamba na mavuno. Kwa hiyo swali la kwanza ukikuta gugu jipya ni hili: limekuja na nini? Likikosa jibu, angalia lilipoota. Chini ya kihori na kwenye lundo la samadi, shuku malisho. Kwenye mstari wa tairi au ukingo wa jengo jipya, shuku moramu na mchanga.

Kisha kuna joto. Kisongo iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Moshi iko chini ya mita 1,000. Joto hupungua takriban nyuzi 0.6 kila unapopanda mita 100, kwa hiyo tofauti ya mita 500 ni nyuzi 3 hivi. Gugu karoti hupenda kuota penye joto la kama nyuzi 20 hadi 25, na joto likiwa la wastani na maji yapo, ua la kwanza linaweza kuonekana wiki nne tu baada ya kuchipua. Penye baridi hufika wiki nane au zaidi.

Sasa rudi kwenye ushauri wa "kila mwezi". Mwezi wa mkulima mara nyingi ni siku 30 hadi 35, kwa sababu kuna siku ya mvua, ya soko, ya msiba. Mche uliochipua siku mbili baada ya palizi una zaidi ya wiki nne palizi inayofuata ikifika. Kwenye kundi linalochelewa, mahali penye ubaridi, huo bado umelala. Kwenye kundi linalowahi, mahali pa joto, penye samadi na maji ya kuoshea zizi, umeshachanua. Ukiung'oa na kuuacha juu ya lundo lenye unyevu, vichwa vilivyokaribia kukomaa vinaweza kumalizia kazi vikiwa hapohapo.

Kuna ubaya mwingine unaojificha. Ratiba ya kila mwezi ikiondoa mimea yote inayochelewa na kuiacha michache inayowahi itoe mbegu, basi mkulima kwa jembe lake mwenyewe anachagua mbegu ya msimu ujao. Ndiyo sababu kanuni tunayoishikilia haihusu wastani. Muda kati ya palizi na palizi uwe mfupi kuliko siku za mmea unaowahi zaidi kuchanua katika kundi lako. Wastani wa siku 45 hauna maana kama mmea mmoja katika hamsini unachanua siku ya 28, kwa sababu huo mmoja ndio utakaojaza uwanja.

Tofauti unayoiona ni ya aina gani

Kabla ya kusema "hili la Moshi ni jingine", tenganisha mambo matatu ambayo kwa macho yanafanana. Huenda tofauti ni ya kurithi, iko kwenye mbegu na itakwenda nayo popote. Huenda ni unyumbufu: mmea uleule unakuwa mrefu penye samadi na mfupi penye kokoto, ukiuhamisha unabadilika. Na huenda ni athari ya mama: mama aliyeshiba hutoa mbegu nzito, na mbegu nzito huota haraka na kutoa mche mnene, bila chochote kubadilika katika urithi. Wengi hupima la pili au la tatu, wakatangaza la kwanza.

Njia ya kuyatenganisha ni kuotesha makundi yote pamoja, mahali pamoja. Kazi hii si ya uani kwa mtu. Ni ya kituo kilichoruhusiwa, na mahali pa kuanzia ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, ambayo makao yake yako Ngaramtoni. Jambo moja tunalisisitiza bila kulegeza: mbegu za Arusha zisipelekwe Moshi ili "kujaribu joto la huko". Jaribio la namna hiyo ni uvamizi wenye daftari. Joto la Moshi liigizwe ndani ya kitalu nyumba Arusha, na mbegu za Moshi ndizo zipelekwe huko zikiwa ndani ya mifuko miwili iliyofungwa.

Utaratibu unaofaa ni huu. Kila eneo, chukua mbegu kutoka mimea mama isiyopungua 20, iliyoachana walau mita 5, na kila mama awe na bahasha yake ya karatasi. Plastiki haifai, kwa kuwa unyevu unaobaki huleta ukungu na mbegu hufa. Kuchanganya mama wote kwenye mfuko mmoja ndilo kosa linaloua majaribio mengi, kwa sababu baada ya hapo huwezi kujua kama tofauti ni ya eneo au ni ya mama mmoja aliyezaa sana. Andika kwenye bahasha tarehe, mwinuko, na kama palikuwa na samadi, barabara au shamba.

Kizazi cha kwanza kikuzwe chote mahali pamoja bila kupimwa kwa hitimisho. Kazi yake ni kufuta athari ya mama. Vichwa vifungwe kwa mfuko wa chandarua chenye matundu madogo kabla havijaanza kuwa kahawia. Kizazi cha pili ndicho cha kupima. Udongo uwe wa aina moja, kwa mfano sehemu mbili za udongo wa shamba, moja ya mchanga na moja ya samadi iliyoiva, uliopitishwa mvuke kwa nusu saa au zaidi. Acha vyombo vichache vyenye udongo huohuo bila kupanda kitu. Gugu karoti likichipua humo, udongo wako ulikuwa na mbegu zake tayari na vipimo vyote havina thamani. Watu huruka hatua hii kwa kuona ni upotevu wa vyombo, kisha wanatumia msimu mzima kupima miche isiyojulikana ilikotoka.

Tumia ndoo za lita 10 zilizotobolewa, si viriba vya miche ya kahawa. Mzizi wa gugu karoti hushuka wima na haraka. Ukigonga kitako cha kiriba mmea hudumaa na kuchanua mapema kwa dhiki, na utadhani umepata kundi linalowahi. Panga ndoo kwa mafungu, kila fungu likiwa na mimea ya kila eneo kwa mpangilio wa kubahatisha, kwa sababu upande mmoja wa kitalu daima hupata jua zaidi ya mwingine.

Pima siku ya kuchipua, idadi ya majani shina linapoanza kunyanyuka, siku ya ua la kwanza, urefu siku hiyo, na idadi ya vichwa mwishoni. Kati ya hivyo, siku ya ua la kwanza ndiyo inayobeba uamuzi wa palizi, kwa hiyo kagua kila siku bila kuruka. Ukikagua mara moja kwa wiki unapoteza tofauti ya siku nne au tano ambayo ndiyo ulikuwa unaitafuta. Tofauti ikibaki katika kizazi cha pili, kwenye joto la chini na la juu, ni ya kurithi. Ikitoweka, ilikuwa ya mahali au ya mama. Makundi yakibadilishana nafasi, hili likiwahi kwenye baridi na lile kwenye joto, basi kila wilaya inahitaji ratiba yake.

Wafanyakazi wavae glavu, mikono mirefu na barakoa tangu miche ikiwa midogo. Mzio wa gugu hili hujengeka taratibu, na aliyeshika kwa mikono mitupu miezi miwili bila shida anaweza kuamka na vipele mwezi wa tatu, na kila akiligusa tena hali inazidi.

Dawa na maadui wa asili navyo hukutana na kundi, si jina

Australia inatufundisha tena, safari hii kwa gugu jingine, Chondrilla juncea. Nchini humo lilikuwepo la aina tatu: lenye majani membamba, ya kati na mapana. Mwaka 1971 uliletwa ukungu wa kutu, Puccinia chondrillina, ili kulidhibiti, na ulilipiga vibaya lile la majani membamba lililokuwa limeenea kuliko yote. Lakini aina nyingine mbili ziliustahimili, na nafasi ilipoachwa wazi zikaenea. Aliyetegemea adui mmoja kwa spishi nzima aliwasafishia njia wale wawili.

Kwa upande wa dawa, gugu karoti linalostahimili glaifoseti liliripotiwa Kolombia mwaka 2004. Hiyo ni sifa ya kundi kama ilivyo siku ya kuchanua. Kabla ya kupulizia ukingo mzima wa barabara, pima eneo dogo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko, gugu likiwa bado limelala, halijanyanyua shina. Rudi baada ya wiki tatu. Mimea michache iliyobaki kijani katikati ya iliyokauka ing'olewe yote siku hiyohiyo. Kuipulizia mara ya pili kwa dawa ileile ni kuilea. Na nyuma ya zizi, pale ng'ombe wanapokula na kunywa, sisi hatupendekezi dawa hata kidogo. Eneo ni dogo, mikono inatosha.

Nini kingefanyika zizini

Palizi ya kwanza ingefanyika siku 14 baada ya mvua iliyolowanisha udongo, kisha kila siku 18 hadi 21 mpaka ardhi ikauke, na hesabu ianze upya vuli. Kung'oa kufanyike udongo ukiwa laini, na mzizi utoke. Jembe likikata usawa wa ardhi, kisiki hutoa machipukizi ya pembeni, nayo huchanua mapema kwa sababu mzizi uko tayari. Yaliyong'olewa kabla ya maua yaachwe juani kwenye sakafu ya saruji. Yenye ua hata moja yaingie kwenye gunia, yakauke humo, yachomwe ndani ya pipa. Yasiende kwenye mboji, wala samadi ya zizi hilo isipelekwe kihambani kabla ya kuchemka vizuri kwenye lundo linalogeuzwa, maana samadi ndiyo gari litakalolifikisha gugu migombani.

Mahali palipoachwa wazi pajazwe haraka. Taasisi ya Nelson Mandela, Tengeru, imejaribu kushindanisha gugu karoti na mimea ya malisho jamii ya kunde, na ngwara, lusini na desmodiamu vimeonyesha uwezo wa kulibana. Kwa zizi hili tungechagua ngwara. Hufunika ardhi mapema, ng'ombe wanaila, na mbegu zake zinapatikana. Ipandwe mara tu baada ya palizi ya kwanza, kwa nafasi iliyobana kuliko ya shambani, kwa kuwa lengo ni kivuli.

Marobota yafunguliwe sehemu moja tu, juu ya saruji au turubai, na vumbi linalobaki lifagiwe na kuchomwa. Mnunuzi amwombe muuzaji nyasi zilizokatwa kabla gugu halijachanua, na afungue robota moja kabla ya kulipa. Vichwa vyeupe vikikauka hubadilika rangi kuwa kahawia na kufanana na vumbi, kwa hiyo kung'uta juu ya karatasi nyeupe na kutafuta mbegu nyeusi ni bora kuliko kuangalia kwa macho.

Kwenye ukuta wa zizi paning'inizwe kadi yenye safu tatu: tarehe ya mvua, tarehe miche ilipoonekana, tarehe ya ua la kwanza kama lilionekana popote. Misimu miwili ya kadi hiyo itampa mfugaji siku halisi za kundi lake, na bwana shamba apunguze au aongeze muda wa palizi kwa tarakimu hizo, si kwa zile za Kisongo. Lori jingine la nyasi likiingia, kadi ianze upya, kwa sababu huenda limeleta kundi jingine.